Kundi la Damu la Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kila ukikanyaga cherehani. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakusalimu. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na hataki kabisa kupigwa picha.

Mwezi huu nimebanwa na marudio. Wanafunzi wangu wanakaribia mtihani wa biolojia, na mada ya urithi huwapiga chenga kila mwaka. Safari hii nikaweka chaki pembeni, nikawaambia wagawanyike watano watano, kila timu ichague familia moja na kuitengenezea video: picha, sauti za wazee, na mchoro wa nani karithi nini kwa nani. Chumba cha kompyuta kimegeuka soko. Mmoja kaleta mkoromo wa babu yake aliourekodi, anataka nithibitishe kuwa unarithiwa.

Kuna msichana tunayemwita Wakili, maana hakubali kushindwa. Timu yake ikachagua familia yangu, nami bila kufikiri nikawapa namba yako. Nilidhani watakuuliza habari za nywele na urefu tu. Ndio wale waliokupigia juzi, unisamehe kwa usumbufu.

Jana walituonyesha kazi yao kwa projekta. Darasa zima lilicheka uliposema ukaidi nimeurithi kwa mama, wewe huhusiki, na kwamba uliniita Sindano kwa wembamba wangu. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti yako. Kisha Wakili akakuuliza kundi lako la damu, cherehani ikanyamaza. Ukakohoa. Ukawauliza mwalimu wao ni kundi gani. Wakakujibu B. Ukasema basi na wewe ni B, waandike hivyo hivyo, na cherehani ikaanza tena.

Wanafunzi wakapiga makofi kwa kuwa mchoro wao ulikaa sawa. Mimi nikatoka nje kufuta macho, nikisingizia vumbi la chaki, na chaki yenyewe sijaishika wiki mbili.

Baba, nina jambo la kukiri. Mwaka ule mama, Mungu amrehemu, alipopasuliwa, tulipimwa mimi na wewe ili tumtolee damu. Wewe ukakubaliwa, mimi nikakataliwa. Kadi zenu nilizibeba mimi: mama O, wewe O. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na tayari nilishafundishwa kuwa wazazi wawili wa kundi O hawawezi kuzaa mtoto wa B. Nililia siku tatu, ukadhani namlilia mama. Sikuthubutu kukuambia, kwa kuogopa kwamba ukijua utaacha kuniita mwanao. Na kila mwaka ninapochora familia yetu ubaoni iwe mfano, wewe nakuandikia B.

Kumbe ulijua, na ulikuwa unanificha kama nilivyokuficha. Sikuulizi tangu lini, wala ni nani. Nimechoka tu kuogopa, na nakupenda sana.

Shule ikifungwa nakuja. Usinishonee kitu, nataka tukae tu tuongee. Mpe salamu zangu jirani anayekuletea chai.

Wakili bado ananidai jibu la swali la mwisho la video yao: mwalimu amerithi nini kwa baba yake? Yeye nitamtafutia la kumwambia. Wewe nakujibu leo: ule uongo. Tumeusema uleule, herufi ileile, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Ni mimi mwanao,
Sindano