Baba Amefika Kileleni

Kaka yangu mpendwa,

Hali yako huko uliko? Sisi wazima, na shangazi bado anagombeza kila apitaye mlangoni.

Ile ruzuku ya serikali ya kujenga njia ya kupanda kilima chetu tumeipata. Walitukatalia mara mbili. Karani aliniambia, "Dada, wenzako wanaomba zahanati, wewe unaomba njia ya matembezi?" Nikamjibu kwamba baba yetu hajatoka uani tangu miguu ilipopooza. Mara ya tatu nilikwenda na fundi wa barabara, akawaonyesha jinsi njia itakavyozunguka kilima taratibu, kiti cha magurudumu kipite. Wakakubali, wakaongeza na fedha za matengenezo.

Njia ikajengwa, na jana ilifunguliwa. Nilipotaka kumsukuma Baba, alinipiga kibao mkononi. "Niache. Mikono yangu haijapooza." Akajisukuma mwenyewe mpaka kileleni, jasho likimtiririka, umati ukimfuata polepole kama unamsindikiza bwana harusi.

Kule juu aliutazama mji wote, akacheka peke yake. Kisha akaniuliza kama bado umemkasirikia tangu ule ugomvi wenu. Nilimwambia hapana, ulishasahau.

Kaka, usinifanye mwongo.

Ni mimi, mdogo wako mbishi