Zamu Yako ya Saa Nane

Mtaa wa Mafundi,
Nyumba ya mlango wa bluu,
Jumanne, tarehe 7 Julai.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka mlangoni. U mzima? Kile kifua kinachokubana wakati wa baridi kinaendeleaje huko? Unakula, au bado unakunywa chai kavu na kuiita chakula? Sisi tunavuta pumzi. Mama miguu inamsumbua lakini anatembea. Cherehani yangu bado inanifokea, nami naifokea.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao, yule aliyekuona huko mwezi uliopita. Simu yako haipatikani, na sikulaumu. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Kaka yetu Nyundo anaumwa sana. Sizungumzii miguu isiyotembea na vidole visivyokamata, hayo tulishaanza kuyazoea. Naogopa anakufa. Nimeliandika neno hilo, nikalikata, nikaliandika tena, kwa sababu nikisema hajisikii vizuri hutakuja.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana uliondoka mapema. Siku tuliyomtoa hospitali, muuguzi alitukalisha kwenye benchi, Mama, shemeji yako mke wa Nyundo, na mimi. Alisema wengi waliovunjika shingo kama yeye hawafi siku ya kuanguka. Wanakufa baadaye, wakiwa nyumbani, na mwaka wa kwanza ndio mbaya zaidi. Kifua kikishindwa kukohoa kinajaa. Mkojo ukirudi nyuma unaharibu figo. Ngozi ikilaliwa muda mrefu inakufa, na mwenyewe hasikii chochote. "Mgeuzeni kila baada ya saa mbili," alisema. "Na msije mkaniambia mlisahau."

Nikachora ratiba ukutani kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Kila zamu niliandika mgeuzaji. Ilipofika zamu ya saa nane mchana, Nyundo akaamuru uandikwe wewe. Nikamwambia huyo hayupo. Akasema, "We andika tu. Akirudi akute kazi inamsubiri." Tangu hapo zamu yako naifanya mimi, na kila nikimaliza ananiambia, "Leo kitinda mimba kanigeuza vibaya." Tunacheka, kisha mmoja wetu anatazama pembeni.

Jumapili ya mwisho ya Mei walikuja wenzenu wa kazini, wanane, wamevaa mashati ya kupigwa pasi kama wanakwenda kuposa. Hawakuwa wamemwona tangu aanguke. Walifika adhuhuri, tulipokuwa tumetoka kumlaza chali. Wakaanza hadithi za yule mkandarasi anayejificha chooni siku ya mshahara, na Nyundo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa pili.

Saa nane ikafika. Kumgeuza ni kumfunua, na ukimfunua kuna nepi na ule mpira wa mkojo. Nilisimama mlangoni. Akanikazia macho: usithubutu. Nikaona aibu kuwatoa wageni nje, nikaona huruma kumkatisha raha, nikarudi jikoni kuongeza maji ya chai. Saa kumi nayo ikapita hivyohivyo. Mama alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyesema kitu mbele za watu. Waliondoka jua likizama, tukawashukuru sana.

Tulipomgeuza tukakuta doa jekundu pale chini mgongo unapoishia, dogo kuliko kifungo cha shati. Siku ya tatu likawa jeusi, na wiki ya pili likafunguka. Mdogo wangu, ni kama mfuko wa koti uliotoboka kwa ndani. Juu unaona tundu dogo, lakini ukiingiza kidole mkono wote unataka kupita. Nyundo alinisikia nimenyamaza nyuma yake. Akaniuliza, "Vipi, fundi, huwezi kupiga kiraka?" Nilimwambia nakwenda kuchemsha maji, nikakaa nyuma ya nyumba nikalia.

Tulilisafisha kila siku kama tulivyofundishwa, na bado limetushinda. Siku nne zilizopita homa ikaanza, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Jana tukamrudisha hospitali. Daktari anasema uchafu umefika kwenye mfupa na umeanza kuingia kwenye damu. Nilimuuliza kama atapona. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Dada, siku hizi chache ndizo zitakazosema." Sikutaka kuelewa, lakini nimeelewa.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu, nami ningependa kulizunguka kama ninavyozunguka mambo yote yanayonihusu. Siku ya ajali, kwenye korido ya hospitali, nilikuambia mbele za watu kwamba ungemwacha alipoangukia asingekatika uti wa mgongo, na kwamba umemuua kaka yako. Keshokutwa yake ukaondoka na begi moja. Nilikuona dirishani ukipita, sikukuita.

Mimi sikuwepo kwenye lile jengo. Nilichosikia ni kwamba ulimtupa begani ukakimbia naye mpaka kwenye pikapu, na nikaling'ang'ania hilo tu, maana nilihitaji mtu wa kumlaumu na wewe ulikuwa karibu. Yaliyobaki niliyapata Jumapili ile kwa wenzenu, nikiwa nimeshika sinia la vikombe. Kumbe alitoka juu ya paa akatua kifudifudi kwenye shimo la tope la saruji. Uso ulikuwa umezama. Wao wote walibaki wakipiga kelele, wewe ndiye uliyeruka.

Jana nilimuuliza daktari kama kubebwa ndiko kulikomkata uti wa mgongo. Akasema huenda kuliongeza, huenda uti ulishakatika alipotua, na hakuna atakayejua. Lakini aliniambia pia kwamba mtu aliyezama uso kwenye tope hana dakika tano. Kwa hiyo sikuandikii kwamba hukukosea. Nakuandikia kwamba bila wewe nisingekuwa na mtu wa kumgeuza.

Na mimi niliyekalishwa kwenye benchi nikafundishwa, niliyechora ratiba kwa mkono wangu, nilimwacha alale chali masaa sita kwa sababu ya aibu. Wewe ulikuwa na dakika moja ya kuamua. Mimi nilikuwa na mchana mzima. Hakuna aliyeniambia nimemuua. Shemeji yako alinifuta machozi, Mama akanipikia uji. Nisamehe, mdogo wangu. Nimevunja mawili kwa mdomo wangu na kwa kunyamaza kwangu, na sijui lipi zito zaidi.

Asubuhi ya leo nilimwambia Nyundo nakuandikia. Midomo imemkauka, maneno yanatoka mojamoja. Akasema, "Mwambie sikumbuki kuanguka. Nakumbuka bega." Akafumba macho, nikadhani kalala. Kisha akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa tatu.

"Basi hajachelewa," akasema.

Wauguzi wa wodini wana utaratibu wao wa kugeuza, lakini nimenakili ratiba yetu kwenye karatasi nikaibandika juu ya kitanda. Nimewaomba, nao wamekubali, saa nane iachiwe ndugu. Leo nitaifanya mimi, na kesho pia. Zaidi ya hapo sijui nitakuwa namgeuza nani.

Mama anakusalimu. Anasema hakudai maelezo yoyote, anadai kukuona. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wa Nyundo wanauliza baba mdogo anarudi lini, nami nimechoka kuwaambia karibuni. Mungu akunyooshee njia, na amwachie kaka yako pumzi mpaka utakapofika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, niliyekupenda hata pale koridoni ulipoisikia sauti yangu ikisema vingine.

Nimesahau: dereva anageuza lori kurudi huku Alhamisi alfajiri, na nimeshamwomba akuwekee nafasi ya mbele. Kata kucha kabla hujaingia wodini. Ngozi yake haivumilii mkwaruzo.