Malaria ya Babu Yako

Kambale, juu ya nini unameza dawa ya malaria na malaria hauna? Dada yako alifika huku Butembo, akaniambia yote: tangu mashambulizi ya ku Beni haulali, na pikipiki ikipiga mulio unaingia chini ya meza. Huku tuko salama, mbuzi alizaa.

Unaniuliza kama batu batasema uko wazimu ukienda kuona psychologue, ule muganga wa mawazo. Batasema! Baache baseme! Wakati wa vita, babu yako alikuta nyumba yetu ya Vuhovi imeungua. Usingizi ukamukimbia. Batu ba kanisa bakamuambia, "Mwanaume anavumilia." Balimuona anakonda, mais nani alikuja kukaa naye? Hapana hata mumoja! Donc kila juma alienda kwa muuguzi kusema ni malaria, juu malaria haina haya. Alimeza dawa ya kinini mpaka masikio yakalia.

Siku moja muuguzi akamunyima.

"Papa, malaria hauna. Uliona nini?"

"Mimi si wazimu!"

"Nani alisema? Kaa chini."

Akakaa. Alisema kidogo tu juu ya nyumba, akarudi na hasira. Mais juma lililofuata alienda tena mwenyewe, na malaria hakuitaja.

Sasa wewe. Dada yako anarudi huko leo; kesho asubuhi akupeleke pale kituo cha afya. Ukitaja malaria, nitakuja ku Beni mimi mwenyewe na haya magoti mabaya. Bakiuliza unaumwa nini, sema: "Silali."