Siku Verlyn Aliposema Hapana

S.L.P. 118,
Fergus Falls, Minnesota.
14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Marlys,

Salamu nyingi zikufikie, zikukute umekaa na mguu umeunyoosha kama daktari alivyokuagiza. Nyonga mpya inasemaje? Kristin aliniambia kwa simu kwamba mama yake anatembea hadi kwenye sanduku la barua bila fimbo. Sikumwamini sana, maana nakufahamu, unaweza kuificha fimbo ukimwona anakuja.

Sisi hatujambo. Shinikizo langu la damu limetulia, na mzee wangu Verlyn anakohoa asubuhi tu. Theluji bado, ingawa juzi tuliamka vioo vyote vimeganda. Kanisani tumeanza kukaanga chapati za viazi za mnada wa akina mama, na mikono yangu inanuka siagi hata ninapokuandikia.

Gari tumepata. Lile la zamani lilikuwa linapumua kwa shida hata kwenda kanisani, sembuse kuja kwako Tucson, huko Arizona. Ulisikia kwamba Verlyn aliuza mashua yake ya kuvulia. Tulijumlisha na akiba, tukapiga hesabu ya gari, kodi na namba za serikali, zikabaki dola elfu mbili na mia sita za safari na za kukaa kwako miezi miwili. Miaka tisa sijakuona, Marlys. Hizo pesa niliziona kama zako, sikutaka mtu azisogelee.

Basi Alhamisi tukaenda kwa muuza magari mmoja, mbali kidogo na hapa. Gari zuri, la buluu, limetumika miaka minne, bei imeandikwa kwenye kioo kwa tarakimu kubwa. Tukapeana mikono. Nikadhani tumemaliza. Kumbe kupeana mikono ni mlangoni tu, biashara yenyewe iko kwenye chumba cha nyuma, wanakosainisha karatasi.

Huko tulimkuta bwana mmoja anaitwa Pruitt, kahamia hapa mwaka huu kutoka Florida. Mchangamfu, meno meupe, anamwita Verlyn bosi. Akatukaribisha kahawa, tukakataa. Akakaribisha tena, tukakataa. Umeishi Arizona muda mrefu, labda umesahau kwamba huku mtu hupokea kahawa akikaribishwa mara ya tatu. Ya tatu haikuja. Verlyn alikaa saa mbili na nusu koo limekauka, akiitazama birika.

Nilipaswa kujifunza kutokana na kahawa hiyo. Pruitt alianza kutueleza vitu kimoja kimoja: rangi ya kinga iliyopakwa juu ya rangi, namba zilizochorwa kwenye vioo ili mwizi aogope, hewa maalumu ndani ya matairi, dawa ya viti. Kwa kila kimoja Verlyn alijibu kwa adabu. Hicho ni kitu tofauti, alisema. Wapo watakaokipenda hicho, alisema. Kwa hewa ya matairi alisema si vibaya. Mtu yeyote wa hapa angejua amekataliwa, angekunja karatasi zake na kuomba radhi. Pruitt alikuwa anatia alama ya kukubali, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiona fahari jinsi mume wangu anavyokataa vizuri.

Kisha akageuza karatasi ya mwisho. Vikorombwezo vile, pamoja na ada ya kuandaa karatasi, vilifika dola elfu mbili na mia tatu. Safari yote, Marlys. Na mimi, mwenye mdomo nyumbani, nilichoweza mbele ya mgeni ni kumkanyaga Verlyn mguu chini ya meza.

Verlyn alisema labda tungefikiria kidogo. Pruitt akacheka, akamsogezea kalamu.

"Bosi, ufikirie nini tena? Si umekubali mwenyewe, moja baada ya nyingine?"

Verlyn alikuwa mwekundu kutoka shingoni hadi masikioni. Akaishika kalamu, nami nikaanza kutunga kichwani barua ya kukuambia hatuji. Kisha akaiweka chini.

"Hapana," alisema.

Pruitt akangoja aendelee. Hakuendelea. Mimi mwenyewe nilimgeukia kumtazama, maana miaka arobaini na minne ya ndoa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo likiwa peke yake. Pruitt akasema hewa ile imeshajazwa, haiwezi kurudishwa.

"Basi itoeni. Nitajaza ya hapa nje, ya bure."

Vitu vyote vikafutwa isipokuwa ada ya karatasi, dola mia mbili. Hapo Pruitt aligoma kabisa, tukalipa. Hata hivyo nilitoka nimesimama wima kama bibi harusi.

Njiani jambo moja likaniingia akilini. Nilipomwomba mwezi wa sita tuje kwako, Verlyn alijibu kwamba si vibaya, jibu lilelile la hewa ya matairi. Nami nilifurahi, nikaenda kumtafutia mnunuzi wa mashua. Nikamwambia anijibu kama alivyomjibu Pruitt: anataka kwenda Tucson?

"Hapana," alisema. "Joto la kule linaniua, na shemeji yako Duane haachi kuongea." Akaendesha hadi njia panda ya kwenye ghala la nafaka. "Lakini nikibaki nitakuwa sipo na wewe. Hilo ndilo nisilolitaka zaidi."

Nililia, mdogo wangu, nikamwambia ni mafua. Majibu yake ya si vibaya nimeishi nayo miaka yote hiyo, wala hakuna hata moja lililonifurahisha kama hapana hiyo.

Tutafika kwenu tarehe nane Novemba. Mwekeeni Verlyn feni karibu na kitanda. Msalimie sana shemeji Duane, na Kristin na watoto wake. Wajukuu wako niwakute wanajua jina langu. Mungu akutie nguvu katika hiyo nyonga, na atutunze sote barabarani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ardis