Papa, Ile Pikipiki Ilikuwa na Esanse

Papa,

Ile pikipiki yako nyekundu, moto uliyonunua kwa mapadri wakati ulikuwa direkta wa shule hapa Fizi, injini yake imewaka tena. Nakuandikia we kwanza, maana ni we uliniachia hiyo kazi. Ulikuwa umelala, sauti imebaki kidogo, ukanishika mukono. "Furaha, ile moto usiiuzishe. Uifungue we mwenyewe." Nilifikiri ni homa inasema. Siku mbili kisha ukafa, na mi nikabaki na moto mu nyumba ya mbuzi.

Unakumbuka siku tuliificha? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Habari ilifika kwamba batu ba bunduki banapokonya moto zote mu barabara. Ukaipaka mawese kila pahali ili kutu isiguse: munyororo, waya, mpaka kiti. Tukaizungushia bashi, lile turubai kubwa, mi nikashika kamba, we ukapiga fundo. "Mama, uko na nguvu kushinda bavulana," ukaniambia. Nilitembea na hilo neno siku nzima. Leo naona haya kwamba nilifurahi.

Lakini mawese, Papa. Muntu mwenye alisoma. Panya zilifuata harufu, zikakula waya zote, zikazalia ndani ya kiti. Fundo lako lilikuwa palepale, hakuna mukono uliligusa, nikalikata na kisu. Nikalipa fuso ituteremushe Baraka, kwa Saidi, mekanisie mwenye duka karibu na ziwa. Alipofungua bashi akashika pua.

"Dada, papa yako alitaka kuendesha hii moto ao kuipika?"

Tuliifua siku ine na maji ya moto na sabuni. Saidi akanifundisha kusafisha karburateri na uzi mwembamba wa shaba, akatia waya mpya, mipira mipya, freni, taa, klaksoni. Bamama ba soko banapita banauliza: "We mwanamuke, unatafuta nini mu mafuta?" Niliinama na kazi yangu. Nilikuwa nasema mu moyo, Papa angenisifu.

Siku ya tano tukafika ku rezervwari, tanki ya petroli. Kifuniko ulikuwa umekikaza na mipira ya shambreri, ile ya ndani ya tairi, mara tatu. Saidi akakifungua, akainamisha rezervwari juu ya beseni, na kitu kikaanza kutoka, chekundu, kizito kama asali, kinanuka vibaya. Kikatoka, kikatoka. Ndani alama ya esanse ilikuwa imeshika juu, karibu na mudomo wa rezervwari.

"Esanse imeoza," Saidi akacheka. "Aliificha ikiwa imejaa. Kweli papa yako alikuwa tajiri."

Mi sikucheka, Papa. Nilikaa chini palepale na mikono yangu michafu.

Maana siku mbili kisha ya kupiga lile fundo, tumbo lilimushika mama. Mutoto alikaa vibaya. Muzalishaji akasema apelekwe hospitali ya Baraka leo leo, kesho itakuwa bure. Mama alikuuliza ku kitanda, na sauti ya kawaida kabisa: "Papa Furaha, na moto?" Ulisimama mu mulango, ukaangalia chini.

"Haina esanse."

Banaume bakakata mianzi, bakafunga kipoyi, bakamubeba toka asubui. Mi nilifuata nyuma na furushi la bitenge bya mutoto. Jua lilikuwa linatua wakati walimuweka chini pembeni ya muto, na hawakumuinua tena akiwa muzima. Mutoto naye hatukumuona. Furushi nililirudisha nyumbani vile lilikuwa.

Miaka yote hii nilichukia vita, nilichukia ile njia, nilichukia muzalishaji. We sikukuchukia. Nilikupikia, nikakuogesha ukiwa muzee, na batu bakisema wewe ni muntu mugumu nilibagombeza: alikosa esanse, angefanya nini?

Nimejaribu kukutetea hata sasa. Labda uliogopa bunduki. Lakini nani hakuogopa? Ungesema "Naogopa," mama angekusikia, hata mi ningekusikia. Ulisema haina esanse. Kisha ukapata zaidi ya miaka makumi mbili ya kuimwaga, na hukuimwaga. Ulingojea ufe, ndipo rezervwari iseme pahali pako, na mi ndiye niisikie, mbele ya muntu mwenye anacheka. Mama alizoea kusema: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Maskini, hakujua anasema nani.

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Baba mudogo anataka mi, mutoto mukubwa, niseme neno ku kaburi, kwamba ulikuwa papa muzuri. Ananiuliza kila siku kama nimelitayarisha.

Moto ilipowaka, Saidi alinifundisha kuiendesha, kisha fuso ikaturudisha Fizi. Leo asubui nilisimamisha moto mbele ya nyumba yetu, pale ulisimama, nikaangalia saa, nikaiwasha. Nilifuata njia ya mama. Sikukimbia, mashimo ni mengi. Ku muto nilizima, nikakaa kidogo, nikaendelea. Nilipofika ku mulango wa hospitali nikaangalia saa tena. Hata na kupumuzika kwangu kote, Papa, njia nzima imekula saa moja na nusu.

Ndilo neno niko nalo la Jumamosi. Nitalisema mbele ya batu bote, kisha nitakaa.

Mutoto wako wa kwanza,
mwenye alishika kamba.