Njia Iliyohamia Kwenye Kahawa

Jumanne, Julai. Ukungu mtupu, mlima haujaonekana tangu Ijumaa.

Baridi ya hapa Embu haifikii ile ya Timau anakoishi binti yangu, lakini ikishaingia magotini haitoki. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, na soksi za asubuhi bado sijazivua.

Nimechoka. Si uchovu wa baiskeli.

Kila asubuhi isiyo na mvua natoka hapa mtaani Majimbo, nakanyaga polepole hadi ukingoni mwa msitu, kisha nashika kinjia kinachopita katikati ya shamba la kahawa la marehemu Mzee Njue na kushuka mtoni. Kipande hicho ndicho ninachokiamkia. Udongo mwekundu umeshindiliwa na nyayo za miaka mingi, mibuni iko pande zote mbili, na mteremko ni wa taratibu kiasi kwamba hata mzee kama mimi anaweza kuachia breki. Miguu inatulia juu ya pedali. Gurudumu linabaki likilia tik tik lenyewe, harufu ya majani mabichi inanipita usoni, na kwa muda mfupi mwili unasahau umri wake. Sina kitu kingine kinachonifanya nitabasamu nikiwa peke yangu.

Leo nimekuta nguzo.

Nyaga, mtoto wa Mzee Njue, amerudi kutoka Nairobi tangu mazishi ya babake, na sasa anaizungushia kahawa seng'enge. Kinjia kilikuwa kimezibwa. Wamama waendao sokoni walikuwa wamesimama na mizigo ya sukuma mgongoni, wakisema njia hiyo ni ya watu wote tangu zamani. Nyaga alisema ndani ya shamba la babake hapana njia. Njia iko mpakani. Katikati yao alisimama Ireri, mzee wa kijiji, ameegemea fimbo.

Nilitaka kugeuza baiskeli nirudi zangu. Nimeona magomvi ya ardhi ya kunitosha.

Lakini Ireri alikuwa ameshaniona. "Mwalimu! Kuja hapa. Wewe unapitanga huku kila siku, na hauna ukoo na mtu. Hebu tuonyeshe njia ni gani."

Hauna ukoo na mtu. Nimefundisha nusu ya watu waliokuwa pale, Nyaga akiwa mmoja wao, na bado mimi ni yule aliyekuja. Leo ndipo ugeni wangu umeonekana una kazi.

Huku shahidi wa mpaka haonyeshi kwa kidole. Anatembea, wengine wanamfuata kimya, na alipokanyaga ndipo lilipo neno lake. Nikampa baiskeli Wawira, mmoja wa wale wamama, anishikie.

Shida ni kwamba najua. Nilipofika mji huu, njia ilipita kando ya matoka, yale maua ya mpakani ambayo hakuna anayethubutu kuyang'oa. Ilikuwa mwinuko mbaya, mawe na mizizi. Kisha mvua kubwa ikaichimba ikawa mtaro, watu wakaanza kukanyaga ndani kidogo ya shamba, kisha ndani zaidi. Mzee Njue hakuwa mtu wa kelele. Aling'oa mibuni michache akatuachia nafasi. Tukapita, tukazoea, na mazoea yakaanza kuitwa haki.

Wamama walinitazama kwa matumaini. Wao hunipungia mkono ninapoteremka. Wanajua ninavyoipenda njia ile. Ningepita katikati ya kahawa, nani angenibishia? Nyaga alikuwa mtoto wakati njia inahama.

Nikakumbuka shamba letu kule Bonde la Ufa, tulikofukuzwa tukaondoka juu ya lori, tumekalia magodoro. Tulipokuwa tumeshaondoka, majirani waliulizwa mpaka wetu ulikuwa wapi. Nao walitembea. Walitembea palipowafaa, watu wema kabisa, tuliokula nao.

Nikatembea kando ya matoka.

Nilijikwaa kwenye mzizi, Ireri akanidaka kiwiko. Tulipofika chini, Wawira akapaza sauti kule juu.

"Haki Mwalimu! Si ungesema tu umesahau? Wazee husahau! Sasa hii mlima na huu mgongo wangu?"

"Na hiyo baiskeli yake ataipitisha wapi?" mwenzake akadakia. "Ataibeba kichwani kama ndizi!"

Wakacheka, hata Ireri. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli. Kwenye mizizi ile siwezi kupanda baiskeli tena. Labda ningeweza nikiwa na magoti ya zamani.

Nyaga alinipa mkono. "Asante, Mwalimu." Nilingoja, nakiri, aongeze neno. Pengo dogo kwenye seng'enge, pengine, kwa ajili ya mzee mmoja na baiskeli yake. Hakuongeza. Akarudi kwa mafundi wake, na nyundo zikaendelea.

Nimeshinda nyumbani siku nzima. Nimejaribu kusoma, kurasa zimekataa. Nilidhani ukweli ukisemwa humpunguzia mtu mzigo. Huu wa leo umenichukulia kitu nilichokipenda, na asubuhi nitaamka sina cha kuamkia. Je, ningerudishwa pale, ningetembea kwingine? Nimejiuliza mara nyingi tangu mchana, na kila mara miguu inakwenda kule kule kando ya matoka, kwa shingo upande.

Sijui kama kesho nitatoka. Ila gurudumu la nyuma lilikuwa limepungua upepo, na kabla ya kuketi kuandika haya nimelijaza.