Picha ya Baba Si Tangazo

Didier, mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kuyatoa nje mambo ya nyumba yetu. Usiniambie nimekuaibisha. Soma mpaka mwisho.

Unaikumbuka studio yetu ya redio ya mtaa pale Hallunda, huku Uswidi, ile ya chini ya ghorofa, tuliyokuwa tukiacha viatu vyenye theluji mlangoni? Baba aliendesha basi wiki nzima, na Jumamosi alivaa tai kwenda kusoma habari mahali ambapo hakuna aliyemwona. Mimi nilipokea simu, wewe ulikaa kwenye mitambo. Walitupigia Wakongo wa Hallonbergen, Wakenya, Watanzania, Warundi wenzetu, kila mmoja na Kiswahili chake, nawe ukiwaiga wote mpaka Baba anashindwa kuzuia kicheko hewani.

Matangazo yetu yalikuwa ya watu tunaowajua. Mama Furaha na saluni yake. Duka la dagaa na unga wa muhogo. Yule wakala wa tiketi za ndege. Na matangazo ya vifo, ambayo Baba aliyawekea sharti moja: kabla jina la marehemu halijasomwa, tuipigie simu familia tuulize, "Nani bado hajaambiwa?" Siku moja kipindi kilikuwa kinakaribia kuisha, na binti wa marehemu alikuwa kazini, hajui kitu. Ukasema, "Baba, watu wanasubiri." Akakujibu, "Basi wasubiri," akaweka wimbo.

Halafu ikaja mitandao ya kijamii, ukafungua ukurasa wa kipindi chetu. Nilifurahi, Didier, nisiseme uongo. Watu waliopotezana kwenye kambi za wakimbizi walikutana pale. Shangazi aliandika kutoka Bujumbura kwamba amesikia sauti ya kaka yake na amelia. Hata Mama Furaha alipoacha kutangaza redioni, nilimwelewa. Aliniambia, "Mwanangu, redioni sijui nani amenisikia. Didier ananionyesha waliotazama, mpaka mtaa wanakokaa."

Wenye matangazo wote walimfuata, mmoja baada ya mwingine. Wewe ukapata kazi mjini, kwenye kampuni ya matangazo, yenye cheo ambacho Mama alikuomba umfasirie ukashindwa. Ukasema tu, "Nawasaidia watu kuuza mtandaoni." Ukaondoka na ukurasa. Ukalifuta jina la kipindi, ukaweka lako, na wale wasikilizaji ambao Baba aliwakusanya kwa sauti yake wakageuka kuwa mtaji wako. Saa ya studio haikuwa na wa kuilipia, tukafunga. Baba aliikunja tai yake akaiweka mfukoni. Hakukulaumu. Alisema, "Kijana amepata kazi, tushukuru." Nilikasirika kwa niaba yake, lakini nilinyamaza.

Lakini kwa ile siku ya hospitali, Baba alipokuwa amelazwa, sinyamazi tena.

Baba alikata roho mchana, tukiwa naye wawili. Mama alikuwa amekwenda nyumbani Hässelby kuoga na kumchemshia uji, kwa kuwa asubuhi alikuwa ameomba uji. Nilikushika mabega nikakwambia, "Kaa naye. Mama nakwenda kumwambia mwenyewe, uso kwa uso." Ukaitikia. Nilikaa kwenye treni mpaka kituo cha mwisho nikipanga maneno. Nilipanga hata nimkalishe kiti gani.

Nilimkuta amesimama kwenye ngazi, mkononi ana chupa ya uji. Mbele yake alisimama binti wa jirani, mtoto wa watu, analia huku ameshika simu. Alidhani Mama anajua, akaja kumpa pole. Mama akaniangalia akaniuliza, "Espérance, mbona huyu anasema baba yenu amefariki? Si ananisubiri?"

Maneno yote niliyoyapanga kwenye treni hayakuwa na kazi tena.

Ulimpiga picha, Didier. Baba yetu, mdomo wazi, shuka kifuani. Uliiweka kwenye ukurasa wako hata mwili haujapoa. Chini yake watu wakamiminika na pole zao, na katikati ya pole hizo yule wakala wa tiketi akaandika kwamba anasafirisha miili mpaka nyumbani kwa bei nafuu. Ulimwacha. Ni mteja wako.

Kwenye matanga nilikuvuta jikoni nikakuuliza kwa nini. Ulinijibu bila kupepesa macho, "Dada, hakuna kitu nilichowahi kuweka kikawafikia watu wengi hivi." Ulisema kama mtu anayenipa habari njema. Nikajiambia ni msiba, amechanganyikiwa.

Kumbe hukuchanganyikiwa. Mwezi haujaisha, binti wa Mama Furaha, aliyekuwa akijifunza kazi hapo kwenye kampuni yenu, alinijia macho yamemvimba. Alikuwa ukumbini siku uliposimama mbele ya wenye biashara kuwafundisha jinsi ya kuwavuta watu. Ukutani uliweka picha ya Baba. Ukawaambia, "Tazameni huzuni inavyofanya kazi."

Nilikuja ofisini kwako kesho yake, na koti langu la kazini. Msichana wa mapokezi aliniuliza kama nina miadi. Nikamwambia, "Nina kaka." Ulishuka ukanivuta pembeni karibu na lifti, ukanong'ona kana kwamba mimi ndiye nimefanya jambo la aibu. Nikakwambia, "Ifute." Ukanijibu Kiswidi, lugha unayokimbilia ukibanwa, kwamba imeshasambaa na kuifuta hakutasaidia. Nikakwambia useme kwa lugha aliyokulea nayo Baba. Ukabonyeza kitufe cha lifti.

Wiki iliyofuata ulihamia London, kazi kubwa zaidi. Hukumuaga Mama. Ulimwandikia ujumbe.

Sasa nikwambie usichokijua. Sijaomba kampuni ya mtandao iiondoe picha ile kwa sababu Mama amenikataza. Alimwomba binti wa jirani amfundishe kutumia simu, na kila asubuhi anafungua ukurasa wako amtazame mumewe. Anasema ndio uso wa mwisho, na yeye hakuuona. Pembeni ya Baba matangazo yanabadilika kila siku. Juzi vilikuwa viatu vya kike. Mama akaniuliza, "Hivi viatu ni vya nani?" Nikamwambia sijui. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alijenga duka juu ya kitanda cha mauti, na yeye kila asubuhi anahesabiwa kama mteja?

Sitaki samahani yako hapa chini, mbele ya watu. Usiniandikie chochote. Ichapishe picha hiyo kwenye karatasi nzuri, uitie fremu, upande ndege uilete mwenyewe Hässelby. Umkabidhi Mama mkononi, na umtazame anavyoipokea. Ukishatoka mlangoni kwake, ifute.

Mlango nitaufungua mimi. Usitarajie nitakukumbatia.

Dada yako uliyefuatana naye tumboni,
Espérance